Midazolam puani kwa mtoto wa degedege: dozi ilikuwa sawa, ampuli ndiyo haikuwa

Swali: "Mimi ni muuguzi katika zahanati wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Msimu wa mvua watoto wa degedege huletwa kwa bodaboda kutoka mbali, na mshipa wa kuwekea dawa mara nyingi hatuupati. Tunatumia diazepamu kwa njia ya haja kubwa. Hivi karibuni mwenzangu wa kituo kingine alimpa mtoto wa kilo 12 midazolam puani, kutoka ampuli ya mililita 5, kila tundu mililita 1.2. Mtoto alikohoa, dawa ikarudi mdomoni, degedege halikukoma. Je, hii njia ya pua inafanya kazi kweli? Diazepamu yetu ya sindano siwezi kuitia puani? Na dawa nyingine je?"

Sista, njia ya pua inafanya kazi, na hesabu ya mwenzako haikuwa na kosa. Midazolam, dawa ya kukomesha degedege ya jamii moja na diazepamu, puani ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 2.4. Kilichoharibu ni wingi wa maji yaliyobeba hizo miligramu. Midazolam ya sindano inapatikana kwa nguvu tofauti. Ampuli ya mililita 5 huwa na miligramu 5 tu, yaani miligramu 1 katika kila mililita. Ampuli ya mililita 3 huwa na miligramu 15, yaani miligramu 5 katika kila mililita. Mtoto yuleyule wa kilo 12, kwa ampuli hii ya pili, angehitaji mililita 0.48 tu: mililita 0.24 kila tundu. Mwenzako alimmiminia mara tano ya hapo, na pua ya mtoto haina mahali pa kuyaweka maji yote hayo. Yalipita, yakashuka kooni, mengine yakamezwa na mengine yakamfanya akohoe. Degedege liliendelea kwa sababu sehemu kubwa ya dawa haikukaa puani.

Ukielewa pua inafanya nini na dawa, mengine yote utayapanga mwenyewe hata usiku taa zikiwa zimezimika. Nyuma ya matundu, kila upande, kuna vifupa vitatu vilivyojikunja kama majani, vimefunikwa utando laini mwekundu wenye mishipa mingi ya damu. Kwa mtu mzima eneo la utando huo linafika kama sentimita za mraba 150, ingawa nafasi yote ya pua inabeba kama mililita 15 tu. Dawa inayogusa utando huo inapenya kwenye damu, na damu ya pua inarudi moja kwa moja kwenye moyo bila kupitia kwanza kwenye ini. Hapo ndipo pua inapoishinda njia ya kumeza. Midazolam iliyomezwa hukutana na ini kabla haijafika kichwani, na ini huivunja sehemu kubwa. Iliyobaki puani huingia mwilini zaidi ya nusu yake, na degedege kwa kawaida hulegea ndani ya dakika 3 hadi 5.

Lakini utando huo una vinyweleo vidogo vinavyofagia ute kwenda kooni muda wote. Katika dakika 15 hadi 20 kilichowekwa puani kinakuwa kimeshafagiliwa. Kwa hiyo mambo ni mawili: dawa iwe kidogo kwa ujazo ili isitiririke, na ienee kwenye eneo pana ili iwahi kupenya kabla haijafagiliwa. Ujazo unaofaa ni mililita 0.2 hadi 0.3 kila tundu. Ikibidi unaweza kwenda hadi 0.5 kwa mtoto mkubwa, na mililita 1 kila tundu ndiyo mwisho kabisa, hata kwa mtu mzima. Ndiyo sababu tunagawa dozi matundu mawili: eneo la kupenyea linakuwa maradufu na kila upande unabeba nusu ya maji.

Watu wa Tabora wameijua njia hii zamani kabla ya wafamasia. Mzee anayenusa ugoro hasubiri nusu saa. Nikotini inampata papo hapo, na magadi yanayochanganywa kwenye tumbaku yana kazi yake: yanaibadilisha nikotini iwe katika umbo linalopenya utando kwa urahisi. Midazolam ina ujanja unaofanana. Ndani ya ampuli imewekwa katika maji yenye tindikali ili iyeyuke. Ikigusa mwili, tindikali inapungua, molekuli inajifunga na kuwa ya kupenda mafuta, nayo inapita utando wa pua na baadaye inaingia kwenye ubongo kwa haraka. Tindikali hiyo ndiyo inayochoma. Mtoto mwenye fahamu atalia na kutoa machozi kwa dakika moja hivi, na mama aambiwe kabla ili asidhani umemdhuru mwanawe. Na nisisitize, kwa kuwa nimetaja ugoro: ugoro, kitunguu, mafuta au moshi usipelekwe kamwe kwenye pua ya mtoto anayetikisika. Nikotini ni sumu kwa mtoto mdogo, na hivyo vingine vinaziba njia ya hewa pale pale inapohitajika zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Mtoto akiletwa akiwa bado anatikisika, usianze upya kuhesabu zile dakika 5 za kusubiri degedege likome lenyewe. Amesafiri, muda huo umeshapita, na dawa inatakiwa sasa. Mlaze ubavu, futa mate na matapishi, mpe oksijeni kama ipo, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Mwenzako wa zamu apime sukari kwenye kidole wakati wewe unaandaa dawa. Uzito chukua kwa mizani. Mizani ikishindikana, kadi ya kliniki itasaidia, ila angalia tarehe, kwa sababu kilo za miezi minane iliyopita zitakupa dozi ndogo. Kama hakuna kadi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, jumlisha umri wake na 4 halafu zidisha kwa 2. Wa miaka 3 anakadiriwa kilo 14.

Soma ampuli kwa sauti, na mwenzako wa zamu asikie: "miligramu 15 kwa mililita 3." Kosa la ampuli la yule wa kituo kingine lingekamatwa hapo. Vuta dawa kwa bomba la mililita 1 lenye mistari ya 0.01, kwa kutumia sindano ili usinyonye vipande vya kioo, halafu ng'oa sindano uitupe kwenye sanduku la vyenye ncha kali. Bomba lisilo na sindano ndilo tu linalosogea karibu na uso wa mtoto. Jihadhari na mabomba ya insulini. Mengi yana sindano isiyong'oka, na mistari yake ni ya yuniti, si ya mililita. Katika bomba la yuniti 100, mililita 0.48 ni yuniti 48. Anayevuta "0.48" kwa kubahatisha kwenye mistari hiyo anaweza kumpa mtoto tone moja au dozi karibu maradufu.

Safisha pua kwanza. Mtoto mwenye mafua ana ukuta wa kamasi, na dawa uliyoiweka juu ya kamasi itatoka pamoja na kamasi. Mpira mdogo wa kunyonya kamasi unatosha. Usimtie matone ya kuzibua pua muda mfupi kabla ya midazolam, kwa sababu yanabana mishipa ileile ya damu unayoitegemea kuibeba dawa.

Kama mna kichwa cha kunyunyizia, yaani kile kikofia chenye sponji laini kinachochomekwa kwenye ncha ya bomba, mambo ni mepesi. Kinapasua dawa kuwa ukungu wa matone madogo sana, kama mikroni 30 hadi 100, ambayo yanatua puani. Matone yaliyo chini ya mikroni 10 yangepita hadi mapafuni. Lakini kikofia kinabaki na dawa kama mililita 0.1 ndani yake, nayo haimfikii mtoto. Kwa dozi ya mililita 0.48 hiyo ni moja ya tano ya dawa, hivyo lazima uifidie mapema. Vuta mililita 0.58. Chomeka kikofia, kishikize kwenye tundu la kwanza kiwe kimeziba vizuri, kikielekea juu na nje kidogo, kama unalenga ncha ya juu ya sikio la upande uleule. Ukilenga katikati utapiga ukuta unaotenganisha matundu, utamwumiza na dawa itarudi. Sukuma kwa nguvu na kwa ghafla hadi bomba lisome 0.24: mililita 0.1 ya kwanza inajaza kikofia, iliyobaki inaingia puani. Hamia tundu la pili, sukuma yote. Hapa wengi hukosea kwa huruma. Wanasukuma polepole ili wasimwumize mtoto, na badala ya ukungu yanatoka matone yanayotiririka. Kikofia kinataka msukumo wa haraka.

Kama hakuna kikofia, bomba tupu lisilo na sindano linaweza kutumika, ila sheria inageuka: sasa unakwenda polepole. Mlaze mtoto chali kwa muda mfupi, kidevu kikiwa kimeinuliwa kidogo. Tone moja la bomba ni kama mililita 0.05, hivyo mililita 0.24 ni matone kama matano. Weka mawili tundu la kulia, mawili la kushoto, subiri pumzi moja au mbili, rudi kulia, mpaka yaishe. Ukisikia kishindo cha kumeza au kikohozi, simama. Ukimaliza mrudishe ubavu mara moja. Dawa ya matone huchelewa kidogo kuliko ya ukungu na inapotea zaidi kooni, kwa hiyo ukipata nafasi ya kuagiza vikofia, viagize. Kikofia kimoja ni cha mtoto mmoja, hakisafishwi kutumika kwa mwingine.

Kwa ampuli ya miligramu 5 kwa mililita, hesabu za kubandika ukutani ni hizi: kilo 10 anapata miligramu 2, ambayo ni mililita 0.4, kwa hiyo 0.2 kila tundu. Kilo 15 anapata miligramu 3, mililita 0.6, 0.3 kila tundu. Kilo 20, miligramu 4, mililita 0.8, 0.4 kila tundu. Kilo 25, miligramu 5, mililita 1, 0.5 kila tundu. Kuanzia kilo 50 kwenda juu dozi haipandi tena, inaishia miligramu 10. Kwenye kikofia ongeza ile 0.1 kila mara. Karatasi hiyo iandikwe kwa kalamu nene na juu yake pawe na maneno: "Ampuli ya 15 mg/3 ml tu." Ampuli ya mililita 5 isikae kwenye sanduku moja na hiyo, maana saa nane usiku vioo vyote vinafanana.

Angalia saa ulipomaliza kumpa. Ukifika dakika ya 10 na bado anatikisika, dozi ya pili inaruhusiwa, mara moja tu. Hesabu dawa zote za jamii hii, midazolam na diazepamu, pamoja, ziwe zimepitia wapi. Mtoto aliyepewa diazepamu ya haja kubwa kwenye zahanati ya njiani, akaja kwako ukampa midazolam, tayari amepata dozi mbili. Ya tatu inaweza kuzima pumzi yake. Hapo mnahamia fenobarbitoni, dawa ya degedege ya jamii nyingine, kwa mwongozo wenu, na rufaa. Kwa vichanga wa chini ya wiki mbili fenobarbitoni ndiyo ya kwanza, midazolam usiifikirie.

Pumzi ndiyo hatari ya kweli ya dawa hii, kwa njia yoyote. Mfuko wa kupumulia wenye barakoa ya saizi ya mtoto uwe mezani umeshaunganishwa kabla hujavuta dawa, sio kabatini. Kipima oksijeni cha kidoleni kibaki kidoleni kwa nusu saa angalau. Mtoto akishatulia atalala usingizi mzito. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, usiridhike kwa kuona kifua kinainuka. Zahanati ambayo haina mfuko wa kupumulia isianze kutoa midazolam mpaka iupate. Ninajua inavyouma kumwangalia mtoto anatikisika huku dawa ipo, lakini diazepamu nayo ina hatari hiyohiyo, kwa hiyo mfuko huo mnauhitaji leo, hata kama midazolam haijafika.

Kuna watoto ambao pua haiwafai: anayetoka damu puani, aliyeumia uso au kichwa, au ambaye pua imeziba kabisa na kamasi haitoki. Kwao ampuli ileile yenye nguvu inakwenda ndani ya shavu, kati ya shavu na fizi, kwa dozi kubwa kidogo ya miligramu 0.3 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 3.6, ambayo ni mililita 0.72, nusu shavu la kulia na nusu la kushoto, akiwa ubavu ili mate yasiirudishe kooni. Meno yakiwa yamekaza huhitaji kuyafungua, dawa inakaa nje ya meno.

Kuhusu diazepamu ya ampuli: hapana, usiitie puani. Diazepamu haiyeyuki kwenye maji, hivyo imeyeyushwa kwa propilini glaikoli na pombe. Inachoma utando vibaya na haipenyi inavyotakiwa. Hesabu pia inakataa, kwa sababu dozi ya miligramu 0.5 kwa kilo ya njia ya haja kubwa, kwa kilo 12, ni miligramu 6, mililita 1.2 za ampuli ya miligramu 10 kwa mililita 2. Hiyo ni mililita 0.6 kila tundu, bado nyingi mno kwa pua yake. Ipo diazepamu iliyotengenezwa mahsusi kwa pua, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, lakini watengenezaji walilazimika kubadili kabisa kiyeyushio, wakaweka vitamini E ndani, na miligramu 5 hadi 10 zikaingia katika mililita 0.1. Midazolam ya pua iliyoidhinishwa huko mwaka 2019 kwa wenye miaka 12 na zaidi ina miligramu 5 katika mililita 0.1. Kiwanda kimefanya kwa mashine kilekile unachotakiwa kufanya wewe kwa kuchagua ampuli: miligramu nyingi, maji kidogo. Diazepamu yenu iendelee kupitia njia ya haja kubwa. Bado ni dawa nzuri na mtoto asinyimwe kwa kusubiri midazolam.

Dawa nyingine: si kila iliyomo kabatini inapita puani. Paracetamoli hapana, dozi yake ni kubwa mno. Atesuneti, dawa ya malaria kali, hapana. Ile inayotolewa kabla ya rufaa ni ya njia ya haja kubwa, ya sindano ni ya mshipa au msuli. Dekstrozi, yaani maji ya sukari, hapana kabisa, na hili nalitilia mkazo kwa sababu sukari iliyoshuka inaleta degedege ambalo midazolam haitalimaliza. Sukari ikiwa chini, dekstrozi ya asilimia 10 inakwenda mshipani, mililita 5 kwa kilo. Mshipa ukikataa, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo kiwekwe chini ya ulimi, mtoto akiwa ubavu, na upime tena. Nje ya nchi kuna glukagoni, homoni inayopandisha sukari, ya unga ya kupuliza puani, miligramu 3, ila inategemea akiba ya sukari iliyoko kwenye ini, na mtoto mwenye utapiamlo aliyeshinda njaa na homa hana akiba hiyo.

Na malaria isisahaulike kwa sababu degedege limekoma. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Tabora iliongoza mikoa kwa malaria ya watoto wa chini ya miaka mitano, kama asilimia 23 ya waliopimwa. Kipimo cha haraka kifanyike wakati mtoto amelala. Kikionyesha malaria, mtoto aliyepata degedege anahesabiwa kuwa na malaria kali: atesuneti ya sindano, miligramu 3 kwa kilo akiwa chini ya kilo 20, na gari la wagonjwa. Barua ya rufaa iandike saa na dozi ya midazolam, ili atakayempokea hospitali ya wilaya, au hospitali ya rufaa ya mkoa ya Kitete kama atapelekwa mbele, asimwongezee bila kujua.

Kabla ya kuanza, mganga mfawidhi wako aandikie kwa mganga mkuu wa wilaya na mfamasia wa wilaya. Midazolam ni dawa inayodhibitiwa. Inahitaji idhini kwa ngazi yenu, rejista, kufuli, na hesabu ya ampuli kila zamu. Kwenye oda ya Bohari ya Dawa msiandike "midazolam sindano" peke yake, maana mtaletewa yoyote iliyopo. Andikeni "15 mg/3 ml" au "5 mg/ml", na mkiletewa ya miligramu 1 kwa mililita, ripotini siku hiyohiyo. Ampuli zikae kwenye boksi lake mbali na mwanga. Iliyofunguliwa ikibaki inamwagwa mbele ya shahidi na kuandikwa, haiwekwi kwa mgonjwa wa kesho. Mama akiomba apewe moja aende nayo nyumbani, mkatalie kwa upole: mwelekeze kumlaza mtoto ubavu, kutazama saa, na kuondoka mapema, na kama mtoto ana kifafa cha kurudiarudia, aandikiwe kliniki ya kifafa ambako mpango wa dawa ya nyumbani unaweza kupangwa na daktari.